Je, wajua? Jinsi vijana wa Kenya walivyousoma Mswada wa Fedha wa 2024 kwa simu

Juni 26, 2024, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha ambao Bunge la Taifa lilikuwa limeupitisha siku moja tu kabla. Wengi husema hashtegi ya #RejectFinanceBill2024 ndiyo iliyouangusha. Hashtegi iliwasaidia watu kupatana, lakini kazi kubwa ilianza wiki kadhaa kabla ya maandamano na vitoza machozi: vijana walikaa chini wakausoma mswada.

Si kazi nyepesi. Mswada wa fedha hausimami peke yake, kwani kila kifungu chake hurekebisha sheria nyingine: ya kodi ya mapato, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ya ushuru wa bidhaa, ya tozo mbalimbali. Mara nyingi hautasema waziwazi kwamba mkate utatozwa kodi. Utasema aya fulani ya Jedwali la Pili la Sheria ya VAT ifutwe, basi. Ukiisoma aya hiyo bila sheria yenyewe kando, huoni kitu. Ukilifungua Jedwali la Pili, unakuta ndilo linalotaja bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia sifuri, na mkate wa kawaida umo. Kuuondoa hapo ni kuupeleka kwenye asilimia 16. Kwa hiyo msomaji anahitaji faili mbili wazi kwa wakati mmoja, mswada na sheria inayorekebishwa, na kwenye kioo cha simu hilo huchosha macho haraka.

Waliovumilia walitoka na hesabu ambazo mtu yeyote angeweza kuzikagua. Mkate wa shilingi 65, mwokaji akimpitishia mnunuzi VAT yote, unafika shilingi 75 na senti 40. Kodi mpya ya magari ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Gari la shilingi 800,000 lingelipiwa 20,000. Ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia haukuhitaji maelezo kwa mtu anayekaanga mandazi. Video za dakika moja au mbili zilieleza kifungu kimoja kimoja, nyingine kwa lugha za nyumbani ili nyanya kijijini naye asikie. Mtengenezaji programu mmoja alitoa roboti ya mazungumzo iliyoitwa Finance Bill GPT: unauliza swali, inakujibu kutokana na mswada. Roboti za aina hii huweza kubuni jibu, kwa hiyo walio makini walirudi kwenye kifungu kuhakikisha.

Kisha ikaja "kusalimia". Namba za simu za wabunge zilisambazwa, na wapiga kura wakawamiminia ujumbe mfupi na simu. Ujumbe uliokuwa na uzito ulikuwa na mambo matatu: eneo bunge la mwandishi, namba ya kifungu, na ombi moja la wazi, yaani piga kura ya hapana. Matusi hayakuwa na uzito huo. Na namba ya mke au mtoto wa mbunge ikichanganywa humo, huko si kushiriki siasa tena, ni kumsumbua mtu asiyehusika.

Barabarani, uratibu wa maandamano ulihamia Zello, programu inayoigeuza simu kuwa redio ya upepo: unabonyeza, unaongea, walio kwenye chaneli wanakusikia papo hapo. Ilifaa kwa sababu mtu anayekimbia hawezi kuandika. Lakini Zello huhitaji intaneti, na Juni 25, waandamanaji walipolivamia Bunge, mtandao ulizorota nchini. Safaricom ilieleza kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa na hitilafu. Chaneli iliyo wazi ina tatizo jingine pia: yeyote anaweza kuingia, polisi wakiwemo.

Je, kusalimia kulibadilisha kura? Tuangalie idadi. Juni 20, mswada uliposomwa mara ya pili, ndiyo zilikuwa 204 na hapana 115. Juni 25 ndiyo zikawa 195 na hapana 106. Kila upande ulipungua kura tisa, pengo likabaki 89 vilevile. Ndani ya ukumbi, basi, wingi haukuyumba. Kilichobadilika ni yaliyoandikwa ndani ya mswada: Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza Nairobi, ilitangazwa kwamba VAT ya mkate na kodi ya magari zingeondolewa. Kilichobaki kiliangushwa na watu barabarani, kwa gharama ambayo hakuna simu inayoweza kuilipa. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu waliokufa 39, na baadaye hesabu ikafika 60.

Ndiyo maana hatua ya mapema, isiyo na hatari, inastahili nguvu zaidi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liushirikishe umma. Mswada wa fedha hufika kati ya Aprili na Mei kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1, na tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge likiwa na tarehe ya mwisho. Maoni huandikwa kwa Karani wa Bunge, kwa barua au baruapepe. Chora jedwali la safu tatu: namba ya kifungu, badiliko unalotaka (kifutwe, au kisomeke hivi), na sababu yenye hesabu. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Makosa yanayoua kazi hii ni kulalamika bila kutaja kifungu, kunakili barua moja watu elfu mkaituma neno kwa neno, na kuchelewa hata siku moja. Hifadhi nakala ya ulichotuma na saa uliyotuma.

Hatua moja haifanyiki kwa simu hata sasa: kujiandikisha kupiga kura. IEBC, tume ya uchaguzi, huchukua alama za vidole, kwa hiyo aliyefikisha miaka 18 lazima aende mwenyewe na kitambulisho au pasipoti yake. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na sajili hufungwa kabla ya siku hiyo.