Mkeka Ukichanika Kila Siku: Maswali na Majibu Kuhusu Uraibu wa Kubeti

Nitajuaje kama kubeti kumeshakuwa tatizo?

Usipime kwa ukubwa wa dau. Yupo anayebeti shilingi elfu mbili tu na nyumba inayumba, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa hela ya unga. Wataalamu wana maswali mawili mafupi ya kuanzia. Umewahi kuona ni lazima uongeze dau kila mara? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, nenda ukazungumze na mtaalamu.

Sisi wa nyumbani tutaona nini?

Mraibu wa kubeti hanuki kama mlevi, ndiyo maana familia huchelewa kushtuka. Tazama simu. Inalala chini ya mto, na saa nane usiku mwanga wake unaonekana ndani ya shuka. Ada ya mtoto mliyokubaliana ilipwe Jumatatu haijalipwa hadi Ijumaa, "mtandao unasumbua". Mtungi wa gesi haupo, eti umepelekwa kujazwa. Mwenyewe amekuwa mkali, hali vizuri, halali.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni kufukuzia hela iliyoliwa. Akipoteza hatulii. Anachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, arudishe za jana, na hizo nazo zinaliwa.

Huo si uzembe tu?

Hapana. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha kama ugonjwa, na katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, umo kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mkeka ni tiketi moja ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, na lazima zote zitoke ulivyotabiri. Wa mechi 10 ukichanwa na timu moja, umepoteza kila kitu, lakini ubongo unauhesabu kama ushindi uliokosekana kidogo, na hamu inapanda badala ya kushuka. Hesabu yenyewe ni ngumu: hata kama kila chaguo lina nafasi nusu kwa nusu, mkeka wa mechi 10 hutiki mara moja tu katika mikeka 1,024.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka mwili) huweza kumwamshia mtu hamu kali ya kucheza kamari. Mzee akianza ghafla baada ya kupewa dawa mpya, mwambieni daktari. Msimwachishe dawa wenyewe.

Tumlipie madeni?

Najua inauma kumuona ndugu anakimbia wadai. Lakini deni likilipwa halafu simu na mshahara vikabaki mikononi mwake vilevile, mara nyingi mnampa mtaji mpya. Kwanza aandike madeni yote, hata yale ya aibu. Mshahara usimamiwe kwa muda na mke, mume au dada anayemwamini, kwa ridhaa yake. Aiombe kampuni imfungie akaunti, afute programu, ajitoe kwenye magrupu ya mikeka.

Matibabu yapo, na wapi?

Yapo, na watu wanapona. Tiba kuu ni ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia: mgonjwa anajifunza kuitambua saa yake ya hatari (siku ya mshahara, jioni ya mechi, baada ya ugomvi) na kupanga atafanya nini ikifika. Anapimwa pia sonona na ulevi, maana huambatana mara nyingi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Kwa Tanzania zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe kule Dodoma. Kwa Kenya, Mathari jijini Nairobi.

Anasema bora afe kuliko aibu hii. Ni maneno tu?

Yachukue kwa uzito wote. Madeni ya kamari yamewafikisha watu kwenye kujiua. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Aliacha miezi mitatu, amerudia. Tumechoka.

Mna haki ya kuchoka, na ninyi pia ombeni ushauri nasaha. Kurudia hutokea katika uraibu wote. Arudi kliniki wiki hiyohiyo, na asifute meseji za miamala: aende nazo, mtaalamu aone siku na saa alipoteleza.