Waya wa dijitali hausafishi wimbo, jamani

Wateja wangu hapa Mwanza, wa Igoma, wa Kirumba, hata wanaoshuka melini kutoka Ukerewe na sabufa begani, wana imani moja isiyokufa: ukitoa muziki kwenye simu au pleya ya MP3 kwa waya wa dijitali badala ya AUX, wimbo unasafishika. Eti besi inakaza, mwimbaji anasogea mbele, mikwaruzo inaisha. Mtu anaingia, "Fundi, nataka waya tu." Nikimuuliza nyimbo zake amezitoa wapi, ananuna, anaona namzungusha.

Simzungushi. Waya wa dijitali unapeleka namba. Zilizoingia upande huu ndizo zitakazotoka upande ule. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, hubeba biti 16 mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, jumla kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 imebakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya hizo. Nyingine zilitupwa siku wimbo ulipobanwa, na hakuna waya wa kuzirudisha, hata uuziwe kwa bei ya ng'ombe.

Sasa fika kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo. Unampa kijana flashi na pesa kidogo, anakujazia nyimbo mpaka inakataa. Nyingi zimenyofolewa kwenye video za mtandaoni, zikabanwa, zikapita mikono kadhaa, zikabanwa tena. Wajanja wanazigeuza kutoka 128 kwenda 320 ili faili lionekane limenenepa. Kwa kawaida dakika moja ya 128 ni karibu MB 1, ya 320 ni karibu MB 2.4, lakini kwa mchezo huo ukubwa hauthibitishi chochote. Sikiliza matoazi. Kwenye wimbo uliobanwa sana hayalii makavu na kukatika, yanaburuza kama mtu anayechota mchanga majini. Ukitaka kuona kwa macho, fungua wimbo kwenye Spek, programu ya bure ya kompyuta: mara nyingi rangi zinakatika kwa mstari ulionyooka karibu na kilohezi 16, na faili limeandikwa 320 bila haya.

Kinachobadilika ukiunganisha kidijitali ni mahali DAC, yaani kigeuzi cha namba kuwa sauti, inapofanyia kazi, basi. Kwa AUX, DAC ya simu ndiyo inayogeuza namba kuwa umeme wa sauti. Kwa dijitali, kazi hiyo inafanywa na redio. Kama una amplifaya nzuri ya mtumba yenye OPTICAL ya kuingiza, yaani tundu la waya wa dijitali unaopitisha mwanga, faida utaisikia. Kama una sabufa ya bei ya chini, DAC yake inaweza kuwa duni kuliko ya simu yako, na hapo umelipia kurudi nyuma. Ndiyo maana nasema, na sitaacha kusema: kwanza nyimbo, pili spika na mahali zilipokaa, waya mwisho. Na hiyo sabufa itoe kwenye kona ya ukuta kabla hujanilalamikia kwamba besi inavuma.

"Simu ni dijitali, kwa hiyo tundu la hedfoni nalo ni dijitali." Hapana, linatoa analogia, yaani umeme wa sauti, si namba. Pleya chache, kama iRiver H120, ziliweka njia ya mwanga ndani ya tundu la aina hiyo hiyo. Yako karibu hakika si mojawapo. Kile kiboksi kinachouzwa mjini chenye OPTICAL upande mmoja na RCA, yale matundu ya duara mekundu na meupe, upande wa pili kwa kawaida kinaingiza dijitali na kutoa analogia. Watu wanakichomeka kinyumenyume, kimya, halafu wananiletea kesi kwamba ni kibovu. Kwa simu ya Android, tafuta kiboksi cha USB kinachotoa OPTICAL na adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kuunganishwa na vifaa vya USB, ukijaribu palepale dukani kabla ya kulipa, maana si kila simu inakikubali.

"Flashi inacheza, mbona simu haichezi kwenye USB?" Redio inatafuta diski ya mafaili. Flashi ni diski. Simu za siku hizi hujitambulisha kwa MTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, ambayo redio nyingi hazielewi, zinaichaji tu. Pleya za zamani zinazoonekana kama diski hucheza vizuri.

Waya wa OPTICAL wenye ncha za dhahabu? Unapitisha mwanga. Dhahabu ya nini? Faida yake ya kweli wauzaji hawaisemi: hauunganishi umeme wa vifaa viwili, kwa hiyo ule mngurumo unaokuja kwenye AUX ukichaji simu hauna pa kupitia. Na kabla ya kusema waya umekufa, toa vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha. Kama waya unatoka kwenye runinga, taa nyekundu inawaka na bado kimya, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa.

Bluetooth nayo ni dijitali, ila kwa kawaida inaubana wimbo upya kabla ya kuurusha. Kwa sebuleni inatosha. Usiniambie ni sawa na CD.

Mwisho, tafadhalini, PHONO si mahali pa kuchomeka simu AUX ikiharibika. Hilo ni tundu la santuri: linakuza sauti mara nyingi na kupandisha besi, kwa hiyo sauti ya simu itapasuka humo humo. Nyuma ya amplifaya kuna CD na TAPE, ambazo kwa umeme ni ndugu wa AUX. Chomeka huko, hata kama nyumbani kwako hakuna kanda hata moja.