Babu aliua, mjukuu ana kosa gani?

Unasambazwa tena ule ujumbe kwamba "sayansi imethibitisha" kiwewe cha vita kinaandikwa kwenye DNA na kurithiwa hadi kizazi cha saba. Hiyo saba imetoka wapi, sijui. Safari hii umeongezewa chumvi: eti hata hatia ya muuaji inapita kwenye damu.

Utafiti unaotajwa sana ni wa mtafiti Rachel Yehuda na wenzake kuhusu jeni ya FKBP5, inayohusika na jinsi mwili unavyoitikia kortisoli, homoni ya msongo. Walipimwa manusura 32 wa mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, na watoto wao 22, watu wazima. Kundi la kulinganisha lilikuwa na wazazi 8 na watoto 9. Rudia kusoma namba hizo. Halafu alama za metili, yaani vibandiko vya kemikali juu ya DNA vinavyoathiri jinsi jeni inavyofanya kazi, zilipanda kwa wazazi na kushuka kwa watoto. Na vipimo vilitoka kwenye damu, si kwenye mbegu wala mayai. Ni utafiti wa kuheshimiwa, ila hauwezi kubeba mzigo unaotwishwa.

Wanaojua zaidi hunitajia njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945. Kweli, mwaka 2008 watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ile walikutwa na metili pungufu kwenye jeni ya IGF2 wakilinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja, miaka 60 baadaye. Lakini hao hawakurithi njaa. Iliwakuta wenyewe, tumboni.

Hapa ndipo watu wanapokoroga mambo. Vita ikimkuta mama mjamzito, imekuta vizazi vitatu kwa mpigo: mama, kijusi, na kama kijusi ni cha kike, mayai yanayotengenezwa ndani yake. Kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye vita haikumgusa kabisa ni kitukuu. Ikimkuta baba, au mama kabla ya mimba, anza kuhesabu kwa mjukuu. Isitoshe, sehemu kubwa ya alama za metili hufutwa mara mbili: baada ya yai kurutubishwa, na tena seli za uzazi zinapoundwa. Anayedai urithi wa kweli atueleze alama yake ilivukaje hapo.

Panya wananisumbua, nakiri. Panya dume walifundishwa kwa shoti ya umeme kuogopa harufu ya asetofenoni, na watoto na wajukuu wao wakawa wepesi kushtushwa nayo. Siwezi kulipuuza jambo hilo, na sioni namna ya kulihamishia kwa binadamu, ambaye babu yake humsimulia mambo.

Uchambuzi wa mwaka 2003 uliounganisha sampuli 32, washiriki 4,418, haukuona athari kwa watoto wa manusura wa mauaji yale ya Wayahudi, wasiotafuta tiba, pale utafiti ulipofanywa vizuri. Ilionekana kwa waliokwisha kuelemewa na jambo jingine. Hilo linakubaliana na wanajeshi wa Israeli waliopata kiwewe Lebanon mwaka 1982: dalili zilikaa zaidi kwa wale ambao wazazi wao walikuwa manusura.

Sasa hatia. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" ni methali, si jenetiki. Mimi ni mnasihi; mjukuu wa muuaji akija kwangu, natenganisha mambo matatu: alichotenda yeye (hatia), anachoona kwa kuwa wa ukoo ule (aibu), na anachoshikilia hadi leo kutokana na tendo lile, kama shamba au nyumba (wajibu). La tatu mara nyingi linataka mwanasheria kuliko mimi.

Kosa la wanasihi wachanga ni kukimbilia "si kosa lako". Anajua! Kinachomkaba ni kwamba anampenda babu yake, na kulaani tendo anakuona ni kumsaliti aliyemlea. Mkifika hapo usimtake achague. Muulize nani nyumbani anajua nini, alikijua lini, na nani hutoka chumbani jambo hilo likitajwa. Majibu hayo yanakuonyesha njia aibu ilikopita, bila maabara.

Kwenye tiba ya simulizi tunatandaza kamba ya maisha: ua kwa tukio jema, jiwe kwa baya. Mjukuu huanza kwa kuweka jiwe kwenye vita aliyoipigana babu. Liondoe. Kamba huanzia siku alipozaliwa yeye. Jiwe lake ni siku aliposikia habari ile, kipigo cha baba aliyeamka na jinamizi, au siku aliyozomewa shuleni kwa jina la ukoo. Matukio hayo yana mahali na saa, kwa hiyo yanasimulika na kutibika.

Ukimya wa miaka 20 mezani ndio unaonishinda kuupanga kwenye kamba. Wenzangu wengine huuwekea mawe mengi madogo; mimi sijaona likisaidia.