Dev: Kutoka Mlima wa Mwezi hadi Mafuriko ya Ghatal

Katika darasa langu la historia ya sinema ya India, mwanafunzi anayetaja "picha ya Kihindi" karibu kila mara huwa anamaanisha picha iliyotengenezwa Mumbai. Mazoea hayo tumeyarithi kutoka kwenye majumba ya sinema ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, nayo yanatufichia sinema ya Kibengali, ambayo ina lugha yake, studio zake za Tollygunge kusini mwa Kolkata, na mastaa wake ambao Wabengali wanawahesabu kuwa watoto wao wa nyumbani. Nataka kumweleza mmoja wao, Deepak Adhikari, anayejulikana kwa jina la Dev, kwa sababu safari yake ya siasa imenifundisha mengi kuhusu kile ambacho umaarufu unaweza kumfanyia mbunge na kile ambacho hauwezi.

Alizaliwa mwaka 1982 katika kijiji cha Mahisha, eneo la Keshpur, Bengali Magharibi, lakini akakulia Mumbai, ambako baba yake alikuwa na biashara ya kupikia na kulisha vikosi vya watengenezaji filamu. Picha yake ya kwanza ya Kibengali ilitoka mwaka 2006 na haikuvuma. Ya mwaka uliofuata ndiyo iliyomtoa, na kwa muda mrefu akabaki kijana wa picha za mapenzi, ngoma na ngumi.

Desemba 2013 ikatoka Chander Pahar, yaani Mlima wa Mwezi, iliyoongozwa na Kamaleshwar Mukherjee kutokana na riwaya ya mwaka 1937 ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuijua hadithi hiyo. Shankar, kijana wa kijijini huko Bengali, mwaka 1909 anapata kazi katika Reli ya Uganda, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Kambini simba anawachukua watu mmoja baada ya mwingine. Baadaye Shankar anapewa stesheni ndogo aiangalie peke yake, na usiku mmoja anaamka na kumkuta koboko ameinua kichwa karibu na kitanda, naye hana la kufanya ila kumwelekezea mwanga wa tochi machoni bila kutikisa mkono. Mwandishi wa riwaya hakuwahi kukanyaga Afrika, na picha yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo mtu wa Voi au Makindu atatambua haraka kwamba mandhari si ya kwao. Hata hivyo, kwa Wabengali waliosoma kitabu hicho tangu utotoni, Dev alikuwa amevaa sura ya shujaa wanayemjua vizuri kama ndugu wa damu.

Miezi mitatu tu baadaye, Machi 2014, Mamata Banerjee, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Bengali Magharibi wakati huo na ambaye watu humwita Didi, maana yake dada, alimtangaza kuwa mgombea ubunge wa chama chake cha Trinamool Congress katika jimbo la uchaguzi la Ghatal, ambamo Keshpur nayo imo. Dev alimshinda mgombea wa chama cha Kikomunisti cha CPI kwa tofauti ya kura zaidi ya 260,000. Ushindi huo hakuupata peke yake: mwaka huohuo mwigizaji Moon Moon Sen alimwangusha Basudeb Acharia, aliyekuwa ameishikilia Bankura kwa vipindi tisa.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasichanganye Bengali na kusini mwa India. Huko kusini, M. G. Ramachandran aliunda chama chake na kuongoza serikali ya Tamil Nadu kuanzia 1977 hadi kifo chake mwaka 1987, na N. T. Rama Rao alianzisha chama mwaka 1982 akashika serikali ya Andhra Pradesh mwanzoni mwa 1983. Staa wa kusini alikuwa ndiye chama. Staa wa Bengali huazimwa na chama ambacho tayari kina mwenyewe. Analeta umati uwanjani na kura kwenye sanduku, lakini uamuzi mkubwa unafanywa na wengine. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kilichompata Dev baadaye.

Maana Ghatal ina shida ya maji. Mto Shilabati unashuka kutoka nyanda za juu za magharibi na kufika mahali palipo chini kama bakuli, huku bahari ikiusukuma nyuma Mto Rupnarayan unaopaswa kuyapokea maji hayo. Matuta yaliyojengwa na mabwana ardhi wa zamani yaliuzuia udongo kutandaa mashambani, ukabaki kujaa ndani ya mito, na sakafu ya mito ikapanda. Kila masika makubwa mtumbwi hupita mahali ambapo juzi ilipita baiskeli. Kamati ilianza kulichunguza jambo hilo mwaka 1959, na jiwe la msingi la Mpango Mkuu wa Ghatal, mpango wa kuzuia mafuriko hayo, likawekwa mwaka 1982, mwaka uleule aliozaliwa mbunge huyu. Wakati wote huo Delhi, yaani serikali kuu ya India, na serikali ya Bengali Magharibi iliyoko Kolkata zimekuwa zikivutana kuhusu nani alipe.

Dev aliusemea mpango huo bungeni, na mwaka 2019 akarudishwa kwa tofauti ya kura takriban 108,000. Lakini mahudhurio yake katika bunge hilo yalikuwa kama asilimia 12, na sitaki kumtetea kwa hilo, kwa sababu mtu ambaye nyumba yake imejaa maji anastahili mbunge aliyepo kitini. Februari 2024 aliacha nyadhifa kadhaa za kamati za Ghatal, ikaonekana anaaga siasa, na akiwa bungeni aliomba mpango ukamilishwe, yeye awepo au asiwepo. Baada ya mazungumzo na Didi alikubali kugombea tena, na akamshinda mwigizaji mwenzake, Hiran Chatterjee wa BJP, chama pinzani cha Trinamool, kwa zaidi ya kura 182,000.

Jambo ninaloliheshimu kwake ni adabu katika siasa ya matusi. Desemba 2022 alitoa picha iitwayo Projapati, ambamo anayeigiza kama baba yake ni Mithun Chakraborty, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejiunga na BJP. Nandan, sinema ya serikali mjini Kolkata, haikuionyesha, lakini watu waliijaza kwingineko.

Katika uchaguzi wa 2024 Didi aliahidi kwamba serikali yake ingeugharamia mpango wa Ghatal bila kuisubiri Delhi, na bajeti ya Februari 2025 ikautengea rupia bilioni 5, theluthi moja ya makadirio ya gharama zake zote. Juni mwaka huo mvua ilinyesha, Shilabati ukafurika, na watu wa Ghatal wakaishusha tena mitumbwi yao.