Kupunguza Uzito kwa Upasuaji: Maswali Kabla ya Kuingia Thieta

Nina kilo 110. Nafaa kupasuliwa?

Kilo peke yake hazitoshi kujibu. Zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, kisha gawa uzito wako kwa jibu hilo. Jibu hilo huitwa BMI, na mtu wa kilo 110 na mita 1.65 anapata kama 40. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unaruhusu upasuaji kuanzia 35, hata kama huna ugonjwa mwingine. Kati ya 30 na 35 huangaliwa kama una kisukari au maradhi mengine yanayoendana na unene. Anayetaka tu gomesi, gauni la heshima la Uganda, imkae vizuri siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, hayumo.

Wanakata nini hasa?

Njia kubwa ni mbili, zote kwa nusukaputi na mara nyingi kwa matundu madogo. Katika ya kwanza, robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo huondolewa, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakirudi. Sehemu hiyo ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hamu ya kula nayo hushuka.

Ya pili ni baipasi. Kifuko cha takriban mililita 30 huunganishwa na utumbo mwembamba huko mbele, chakula kikapita pembeni kama gari lililoshika Northern Bypass kukwepa katikati ya Kampala. Mwenye kiungulia kikali mara nyingi huelekezwa huku, maana ile ya kwanza inaweza kukizidisha.

Puto la tumboni si upasuaji. Hutolewa, mengi baada ya miezi 6, na kilo hurudi kirahisi.

Nijiandae vipi?

Sigara iachwe mapema, angalau wiki 6 kabla. Utapimwa damu, moyo, na pengine kamera itashushwa tumboni kutafuta vidonda na bakteria wake. Ukikoroma sana na kushtuka usingizini, mwambie daktari wa nusukaputi. Ni hatari kwako asipojua. Dawa za kisukari usizisimamishe mwenyewe.

Wiki 2 hivi kabla, wengi hupewa chakula chenye wanga kidogo. Rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), soda na sinia la matoke vinakaa kando. Hawakutesi: ini lililojaa mafuta limelifunika tumbo, na lisiposinyaa daktari hapati nafasi ya kufanya kazi.

Na baadaye nitakula nini?

Vya majimaji kwanza, kisha vilivyopondwa, kisha laini, kwa wiki kadhaa. Baadaye protini ndiyo inayotangulia: mayai, samaki, mukene (dagaa), maharage. Posho, yaani ugali, inasubiri. Vitamini na madini ni vya maisha yote. Baada ya baipasi, diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, inaweza kukutia kidonda tumboni, na waragi (pombe kali) hupanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, hivyo ulizia sindano au kipandikizi.

Majirani watasemaje nikikonda ghafla?

Watasema. Uganda, iliyouita UKIMWI "silimu", yaani ugonjwa wa kukonda, katika miaka ya 1980, haijasahau. Chagua mapema nani atajua ukweli, hasa anayekupikia, la sivyo mama mkwe atakujazia sahani kwa huruma.

Naishi Arua, hospitali iko Kampala. Inawezekana?

Inawezekana, lakini ni karibu kilomita 500, na siku za kwanza ndizo za hatari: mshono unaweza kuvuja, damu ikaganda mguuni. Panga kukaa karibu na hospitali hadi wakuruhusu. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi au kuvimba mguu havingoji asubuhi. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, waulize: ikinitokea saa nane usiku, nampigia nani, na atapokea?