Jaji Taney hakuwa akilinda watumwa wake

Ikitajwa hukumu ya mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, wengi hudhani Roger Taney, Jaji Mkuu wa Marekani, alikuwa bwana wa watumwa aliyelinda mali yake. Sivyo. Alizaliwa Maryland mwaka 1777, akakulia kwenye shamba la tumbaku lililolimwa na watumwa, lakini wale aliowarithi aliwaacha huru miaka mingi kabla ya kesi hiyo. Tena mwaka 1819, akiwa wakili, alimtetea mhubiri wa Kimethodisti, Jacob Gruber, aliyeshtakiwa kwa kuchochea watumwa kwa mahubiri yake. Mahakamani Taney aliuita utumwa doa la taifa. Gruber akaachiliwa.

Hayo hayamsafishi. Kwangu mimi yanamwongezea uzito wa lawama, maana hakuwa na senti ya kupoteza. Mwaka 1832, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Rais Andrew Jackson, alikwisha kuandika kwamba weusi, hata walio huru, si sehemu ya raia wa taifa. Aliyotoa mwaka 1857 yalikuwa mawazo yale yale, safari hii yakiwa na kura za majaji 7 dhidi ya 2: mtu mweusi hawezi kuwa raia, na Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya ya magharibi.

Scott mwenyewe alipata uhuru Mei mwaka huo huo. Hakuupata mahakamani; alipewa na familia ya Blow, mabwana zake wa zamani.