Je, Wajua Kwa Nini Kipimo cha Homoni Hakitoshi Kujua Kama Hedhi Imekoma?

Mama mdogo wangu ana miaka 48 na anauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Mwaka jana alianza kupandwa na joto la ghafla. Unamkuta alfajiri anaanika dagaa, upepo wa ziwa unavuma, na kanga imelowa jasho mgongoni. Hedhi nayo ilikuwa inaruka miezi. Mimi ndiye niliyemshauri akapime homoni. Niliamini kabisa kwamba jibu la damu litatoka kama la malaria: ipo au haipo.

Karatasi ilionyesha homoni iitwayo FSH iko juu, 46, akaambiwa hedhi imeshakoma. Wiki sita baadaye akaona siku zake.

Mashine haikukosea. Siku ile FSH ilikuwa juu kweli. Niliyekosea ni mimi, kwa kudhani namba hiyo ikishapanda haishuki. FSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya kunde. Huziamsha ovari, yaani vifuko vya mayai, ziivishe yai. Ovari zikiitika hutoa estrojeni, na pituitari ikiipata hupunguza FSH.

Chukulia umefika nyumbani kwa mtu Ujiji, unapiga hodi. Mwenyeji akiwa barazani, hodi moja ya chini inatosha. Akiwa uani, unapaza sauti. Kimya. Unapaza zaidi, mpaka majirani wanachungulia. Mara anaitikia "karibu!", na sauti yako inashuka. Mpita njia aliyesikia ile hodi kubwa akasema "hawa wamehama" amekosea. Aliyepita baadaye, mnaongea taratibu, akasema mwenyeji hatoki barazani, naye amekosea. FSH ni sauti ya mpiga hodi, si ya mwenyeji. Miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi, ovari huitika mwezi huu, zikanyamaza miwili, kisha zikaitika tena, wakati mwingine kwa nguvu kuliko zamani. Ndiyo maana mwanamke yuleyule anaweza kuwa na 46 leo na 9 mwezi ujao. Hata kwa msichana wa miaka 25, FSH hupanda kwa muda mfupi yai linapokaribia kutoka.

Kwa hiyo ukomo wa hedhi hujulikana kwa kutazama nyuma: miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine kama ujauzito. Shirika la Afya Duniani linasema wengi huufikia kati ya miaka 45 na 55. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, tangu 2015, unawaambia watabibu wasitumie FSH kwa aliyevuka 45. Umri, dalili na mwenendo wa hedhi vinatosha. Anayetumia vidonge vya majira au sindano ya uzazi wa mpango asiitegemee kabisa namba hiyo, maana dawa zenyewe huibadilisha. Tena sindano inaweza kukata hedhi, kwa hiyo kwake hata kuhesabu miezi hakusemi mengi.

Kipimo kina kazi yake kwa aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imepotea. Huyo hupimwa mara mbili, wiki 4 hadi 6 zikipita katikati, kwa sababu ovari zikichoka mapema mifupa na moyo huwa hatarini, na tiba ipo.

Kinachoniuma ni kwamba baada ya jibu lile mama mdogo aliacha uzazi wa mpango. Yai moja likiitika, mimba inaweza kuingia. Ushauri wa kawaida ni kuendelea miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho kwa aliye chini ya 50, na mwaka 1 kwa aliyezidi.

Sasa ana kalenda ukutani, karibu na mlango wa jikoni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Hesabu ilifika mwezi wa saba, damu ikatoka, akaanza upya. Tumekubaliana: ikitoka baada ya 12 kutimia, hata tone, tunaenda hospitali, kwani damu ya wakati huo lazima ichunguzwe kama kuna saratani ya mfuko wa uzazi.